Maswali ya Wasafiri: Njia ya Kwenda Tuvalu

Katika toleo lililopita tuliitaja Tuvalu kwa sentensi mbili tu, kwamba ni miongoni mwa nchi zinazopata wageni wachache kabisa duniani. Barua zikamiminika. Tumechagua zile zenye maswali mliyoyarudia wengi. Kwa asiyeijua: ni visiwa tisa vya Bahari ya Pasifiki, kaskazini ya Fiji, ambavyo vyote kwa pamoja vina kilomita za mraba 26 tu na wakazi elfu kumi na kidogo. Vilitawaliwa na Uingereza, zamani kwa jina la Visiwa vya Ellice, hadi 1 Oktoba 1978. Mji mkuu ni Funafuti, na huko ndiko kuliko na kiwanja pekee cha ndege.

Kila nikitafuta tiketi kutoka Dar es Salaam naletewa njia ya Sydney au Los Angeles. Hakuna njia nyingine?
*Msomaji, Temeke*

Ipo, na kwa mwenye pasi ya Afrika Mashariki ni nyepesi zaidi. Mitambo ya kutafuta tiketi huangalia bei na saa, viza haiijui. Ukipita Los Angeles utahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya kiwanja. Ukipita Sydney utahitaji viza ya Australia ya kupita njia. Hiyo haina malipo na inafaa kwa saa zisizozidi 72, lakini fomu yake ni ndefu na majibu huja kwa wakati wake.

Pitia Singapore au Hong Kong. Fiji Airways ina safari za moja kwa moja kutoka miji hiyo miwili hadi Nadi, magharibi ya Fiji. Kutoka Dar au Nairobi hadi hapo kuna ndege nyingi za kuunganisha kupitia Doha, Dubai au Addis Ababa. Jambo la kuangalia ni tiketi. Ukinunua mbili tofauti, begi lako litaishia Singapore, nawe utalazimika kupita uhamiaji kulichukua na kulikabidhi upya. Wenye pasi za Kenya na Tanzania hawahitaji viza ya Singapore kwa ziara fupi, hivyo hilo si balaa, ila acha angalau saa nne au tano katikati.

Ukishafika Nadi bado hujafika. Ndege ya Funafuti kwa kawaida huondokea Nausori, kiwanja cha mji wa Suva, upande wa pili wa kisiwa. Basi la barabara ya kusini huchukua kama saa nne hadi Suva, na Nausori iko zaidi ya kilomita ishirini mbele ya hapo. Kuna pia ndege ya ndani ya muda usiofika saa moja. Usijaribu kuunganisha kutua Nadi na kuondoka Nausori siku moja. Lala Suva.

Nina likizo ya siku kumi. Zinatosha?
*Mwalimu, Mombasa*

Hazitoshi, mwalimu, na tungependa uelewe kwa nini kabla hujalipa chochote.

Kati ya Suva na Funafuti inaruka ndege ya pangaboi aina ya ATR 72, mwendo wa kama saa mbili na nusu, siku chache tu kwa wiki. Huko inakokwenda hakuna kiwanja cha jirani cha kukimbilia mvua ikiziba njia, kwa hiyo inabidi ibebe mafuta ya kuifikisha na mengine ya kuigeuza. Mafuta ni uzito. Siku ambayo abiria wamejaa, kinachopunguzwa ni mizigo: begi lako linabaki Nausori na kufuata kwa safari nyingine, pengine siku mbili tatu baadaye. Na hali ya hewa ikikataa kabisa, safari yote inasogezwa, na safari inayofuata tayari ina watu wake.

Basi panga hivi. Kutoka Mombasa hadi Suva hesabu siku mbili, na kurudi mbili. Kaa Fiji usiku mbili kabla ya kuvuka. Ukirudi kutoka Funafuti, weka usiku tatu kabla ya ndege yako kubwa ya kurudi nyumbani. Hizo ndizo zitakazokuokoa. Hapo umeshatumia siku tisa bila kuihesabu Tuvalu yenyewe. Ongeza tano au sita za kukaa. Siku kumi na nne ndizo za chini. Anayekuambia inawezekana kwa wiki moja anahesabu saa za angani peke yake.

Kuhusu begi: kila usichoweza kukikosa kwa siku tatu kiwe mkononi. Dawa, fedha zote, miwani, chaja, nguo ya kubadilisha, kanga au kikoi. Mengine acha kwenye hoteli ya Suva. Nyingi zinakubali kumtunzia mgeni anayerudi. Begi la kilo kumi linakwenda nawe kirahisi kuliko la ishirini na tano.

Nina pasi ya Burundi. Viza naombea wapi, Tuvalu ina ubalozi Afrika?
*Msomaji, Bujumbura*

Tuvalu haikusumbui sana. Viza ya mgeni hutolewa ukitua Funafuti, kwa muda wa mwezi mmoja. Afisa atataka pasi yenye uhai wa miezi sita, tiketi ya kutoka, mahali utakapolala na dalili kwamba una fedha za kujikimu. Uwe na karatasi iliyochapwa ya nyumba ya wageni; usitegemee kuifungua kwenye simu pale pale uwanjani.

Mlango wako mgumu ni Fiji. Wakenya na Watanzania wamo katika orodha ya wasiohitaji viza ya Fiji. Warundi na Wakongo hawamo, na wanapaswa kuiomba kabla ya kusafiri. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanaomba viza ya kuingia mara moja. Utaingia Fiji, utatoka kwenda Tuvalu, kisha utaingia Fiji tena, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya maana ya kurudi. Omba ya kuingia mara nyingi, na katika barua ya maombi eleza ratiba yote kwa tarehe. Mwenye ya mara moja anaweza kuzuiwa Nausori asipande kabisa.

Kabla ya kununua tiketi, hata kama pasi yako ni ya Kenya au Tanzania, pitia orodha ya idara ya uhamiaji ya Fiji. Orodha hizi hubadilishwa.

Fedha nibebe za aina gani, na kiasi gani?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Dola za Australia, taslimu. Ndiyo fedha ya Tuvalu. Wana sarafu zao wenyewe zenye thamani ile ile, ila noti ni za Australia. Benki ya Taifa ya Tuvalu ilizindua mashine za kwanza za kutolea fedha nchini mwezi Aprili 2025. Kabla ya hapo hapakuwa na hata moja. Usiende ukiiweka safari yako mikononi mwa mashine hizo: kadi ya benki ya kigeni inaweza kukataliwa, na maduka na nyumba nyingi za wageni wanataka noti.

Maduka ya kubadilisha fedha Dar na Nairobi mara nyingi hayana dola za Australia za kutosha. Beba dola za Marekani safi, zisizochakaa, uzibadilishe Nadi au Suva. Omba noti ndogo za tano, kumi na ishirini.

Kiasi: jumlisha malazi, chakula, pikipiki ya kukodi na siku moja ya mashua. Kisha ongeza gharama ya wiki nzima ya ziada. Ndege ikisogezwa hakuna wa kukutumia kitu kwa simu, na mwenye nyumba atataka kulipwa kila usiku. Sarafu za Tuvalu zitumie kabla ya kuondoka, maana Fiji hazina kazi.

Mimi ni muuguzi. Chanjo gani zinahitajika, na malaria je?
*Kisumu*

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo kama Kenya. Fiji wanakidai, na Singapore pia. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiki. Ukishachanjwa mara moja, cheti ni cha maisha. Mtanzania naye akibebe. Ni karatasi nyepesi kuliko mabishano ya uwanjani.

Malaria haipo, si Fiji wala Tuvalu. Ila hilo lina upande wake wa hatari, dada au kaka muuguzi, na wewe utalielewa haraka: vimelea unaweza kuwa umetoka navyo Kisumu. Ukishikwa na homa wiki ya pili ya safari, daktari wa kule hatafikiria malaria kwa sababu haioni. Mwambie mwenyewe kwamba umetoka eneo lenye malaria. Beba vipimo vya haraka viwili na dozi moja kamili ya dawa mseto. Ugonjwa wa mbu walio nao ni dengi, na mbu wake huuma mchana. Kwa homa na maumivu tumia parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, hadi dengi iondolewe shakani kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu.

Hospitali ni moja, Princess Margaret, iko Funafuti. Inashughulikia ya kawaida. Makubwa hupelekwa Fiji au mbali zaidi kwa ndege, kwa hiyo bima isiyolipia kusafirisha mgonjwa haina maana hapa.

Na samaki. Wapo wengi na watamu, lakini samaki wakubwa wanaowinda mwambani, kama chewa, mzia na baadhi ya tembo-uzi na wenzao wekundu, wanaweza kubeba sumu inayoitwa siguatera. Inatoka kwenye mwani mdogo wa matumbawe, inapanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, na haifi kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Dalili ni kuharisha na kutapika, kisha ganzi ya midomo, na kitu baridi kuhisiwa kama kinachoma. Jodari wa bahari kuu hana shida hiyo, na huko jodari ndiye samaki wa kila siku. Ukipewa samaki wa mwambani, uliza kavuliwa wapi. Wavuvi wanaijua miamba yao.

Sisi ni familia ya Kiislamu. Tutakula nini, na kibla kiko wapi?
*Msomaji, Unguja*

Nguruwe hufugwa na huliwa sana, hasa kwenye sherehe, na chakula cha karamu huwekwa pamoja mezani. Mwambie mwenyeji mapema, hakuna atakayekasirika. Nje ya hapo mtakula vizuri kuliko mnavyodhani, kwani vyakula vya kisiwani mnavifahamu: nazi, madafu, shelisheli, ndizi, samaki wa kila namna. Kuna pulaka, jimbi kubwa linalolimwa ndani ya mashimo yaliyochimbwa hadi kwenye maji baridi ya ardhini. Wakilikuna na kulipika kwa tui huitwa fekei. Utomvu wa mnazi nao hugemwa asubuhi na jioni na kunywewa ukiwa bado mtamu. Wanauita kaleve. Kama pwani yetu, ukilala huchachuka na kulevya, basi ulizeni umegemwa lini.

Kinachokosekana ni mboga. Udongo ni mchanga wa matumbawe, na vitu vya dukani huja kwa meli. Bustani inayoendeshwa kwa msaada wa Taiwan huuza mboga siku fulani za wiki, mapema sana, na watu hupanga foleni. Muulizeni mwenyeji siku yenyewe.

Kibla: Unguja tumezoea kuelekea kaskazini. Funafuti mtaelekea magharibi, mkipinda kidogo kaskazini, nyuzi 293 kutoka kaskazini halisi. Saa zetu za Kiswahili hazitawapotosha, maana Funafuti iko latitudo ile ile ya Songo Songo, kisiwa cha karibu na Kilwa, na jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Wako mbele yetu kwa saa tisa: wakifika saa kumi na mbili jioni, Unguja ni saa tatu asubuhi.

Shikamooni. Nataka kufika visiwa vya nje, si Funafuti peke yake. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Nakuru*

Marahaba. Hakuna ndege ya ndani. Kuna meli za serikali, mojawapo ikiwa Nivaga III, zilizotolewa kuhudumia visiwa vyote: zinabeba mchele, mapipa ya mafuta, wagonjwa, wanafunzi wa bweni wa Vaitupu na wewe. Ratiba hubandikwa, kisha hubadilika. Meli inaweza kuitwa kwa mgonjwa au kwa kazi ya serikali, na ukiwa umeshushwa Nanumea utaisubiri hapo hadi irudi.

Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba asiye na wiki nne asiende mbali na Funafuti. Mwenye nazo aanze kwa kuomba ruhusa na malazi kwa Kaupule, yaani baraza la kisiwa anachokwenda, kabla ya kupanda meli. Vyumba vya meli ni vichache. Wengi hulala sitahani juu ya mikeka. Beba mkeka, chakula chako, maji lita tatu kwa siku, dawa ya kuzuia kutapika na mfuko usiopitisha maji kwa simu na pasi. Sehemu nyingi meli haiwezi kutia gati: inasimama nje ya mwamba, na abiria wanateremka kwenye mashua inayopita mlango mwembamba uliochimbwa katika matumbawe. Bahari ikichafuka kushuka kunaahirishwa, hata kama kisiwa unakiona.

Kama una siku chache, kuna njia nzuri zaidi. Funafuti yenyewe ni pete ya visiwa vidogo vinavyozunguka ghuba kubwa. Upande wa magharibi kuna Hifadhi ya Funafuti, kilomita za mraba 33 za bahari, miamba na visiwa visivyokaliwa, iliyoanzishwa katika miaka ya 1990. Ruhusa na ada ni kwa Kaupule ya Funafuti. Mashua utakodi kwa siku nzima, na bei igawanyeni watu wanne au watano. Ondokeni asubuhi kabla upepo haujakaza. Mvae viatu vya mpira vyenye soli ngumu, kwa sababu ya samaki-jiwe mwenye miiba ya sumu na ukali wa matumbawe. Kuogelea ni huko, au kisiwa cha Funafala upande wa kusini. Ufukwe wa mjini, kwenye makaro na mazizi ya nguruwe, tusingeushauri.

Ni kweli Tuvalu inazama? Na niende mwezi gani?
*Msomaji, Muscat*

Maji yanapanda, hilo limepimwa. Ila anayetarajia kuona wimbi linaloruka ufukweni na kumeza nyumba atakuwa anaangalia pasipo. Katika bamvua kubwa za Januari hadi Machi, maji hutokea chini: ardhi ni matumbawe yenye vitundu, bahari inasukuma kutoka pembeni, na dimbwi la chumvi linachipuka katikati ya kisiwa, uani, kando ya kiwanja cha ndege. Chumvi hiyo ndiyo inayoua pulaka katika mashimo yake. Serikali haikukaa kimya. Mwishoni mwa 2023 ilimalizika kazi ya kupandisha mchanga kutoka ghubani na kutengeneza ardhi mpya ya hekta saba mjini, iliyoinuliwa juu ya bamvua. Itembelee.

Ukitaka kuliona hili, nenda Februari, ukijua ni msimu wa mvua na vimbunga na kwamba ndege itasogezwa. Ukitaka bahari tulivu na mashua, nenda kati ya Mei na Oktoba. Wakati huo maji ya kunywa huweza kupungua. Mto hakuna, watu hutegemea mvua iliyokingwa matangini, na mwaka 2011 ukame uliifanya serikali itangaze hali ya hatari. Oga kwa ndoo, funga bomba unapojisugua.

Mavazi, zawadi na mengine madogo?
*Wasomaji kadhaa*

Magoti na mapaja yafunikwe, kwa wanaume na wanawake, hata unapoelekea baharini. Kanga inatosha kabisa na inafanana na vazi lao la kujifunga. Jumapili ni ya kanisa na kupumzika: hakuna mashua, hakuna duka la maana, kelele hazipendwi. Siku nyingine jua likipungua watu hutoka kucheza mpira, voliboli na kuendesha pikipiki juu ya njia ya ndege, iliyojengwa na jeshi la Marekani mwaka 1943. King'ora kikilia, ondokeni, ndege inakuja.

Plagi ni za Australia, pini bapa zilizolala mshazari, na umeme ni voti 240. Kwa hiyo ni kibadilisha plagi tu kinachohitajika. Mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku tangu 2019.

Zawadi za kupeleka: msibebe vinyago vya mti, asali, viungo vyenye mbegu wala nyama kavu. Forodha ya Fiji huvikagua na inaweza kuvichukua. Kanga, majani ya chai na kahawa iliyokaangwa vilivyofungwa kiwandani havina tabu kubwa, ila vitajeni vyote kwenye fomu. Za kurudi nazo: mikeka na vipepeo vya mkono vya majani ya mkadi, shada za kome wadogo, na stempu, ambazo Tuvalu imejijengea jina kwazo. Magamba ya kombe kubwa na matumbawe yaacheni, yanadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini. Stempu ziwekwe kati ya makaratasi magumu ndani ya mfuko mkavu, kwenye begi la mkononi. Unyevu wa kule hulainisha gundi, na karatasi nzima inaweza kugandana kabla hamjafika Suva.